Bibi hataki kuhama bondeni, na ana sababu

Swali: "Shikamoo mzee. Naandika kutoka kijiji kimoja cha Kilwa, kando ya Mto Mbwemkuru. Miaka miwili iliyopita jua lilitukausha hadi tukarudi kuchimba ming'oko porini. Msimu huu maji yametuingilia ndani saa nane za usiku, na hapo kwetu ilikuwa siku ya pili bila mvua. Watu tumeokoka wote, ila nyumba tatu zimelala, mpunga umefukiwa na mchanga, kuku wamekwisha. Viongozi wanatuambia tuhamie juu. Bibi yangu hataki kusikia. Mume wangu anasema tuna laana, maana haiwezekani nchi hiyo hiyo ife kwa kiu kisha ife kwa maji. Nauliza: kwa nini inatokea hivi? Tuhame? Na mahindi yaliyolowa kihengeni, tunaweza kuyaanika tukala?"

Marahaba, mwanangu. Poleni sana, na mshukuruni Mungu kwa hizo roho. Barua yako nimeifupisha hapo juu, lakini niliisoma yote, hata habari ya mtoto anayelia kila akisikia mvua ikigonga bati. Nitaifikia.

Naanza na mahindi kwa sababu hayo hayangoji. Yale yaliyozama, yatupeni. Najua neno hili linauma kwa mtu aliyelala njaa juzi tu, lakini maji yaliyoingia kihengeni yalipita kwanza chooni, zizini na kwenye mizoga ya kuku. Hata mkiyaosha, punje iliyokunywa maji siku mbili huota ukungu kwa ndani kabla hujauona kwa nje, na ukungu ule huacha sumukuvu. Sumukuvu haimalizwi na jua wala haimalizwi na moto wa jikoni, na kazi yake ni kula ini. Kuku msiwape, pombe msitengeneze. Yafukieni shimoni, maana mkiyamwaga jalalani kuna mtoto wa jirani atayaokota. Yale ya juu ambayo maji hayakuyafikia ni chakula halali: yatandazeni juu ya turubai, tabaka jembamba, myageuze mara kwa mara. Kujua kama yamekauka, chukua chupa kavu, tia chumvi kavu kijiko kimoja na kiganja cha mahindi, tikisa dakika moja au mbili, kisha uyaache yatulie. Chumvi ikigandamana na kuta za chupa, mahindi yana maji bado, yarudisheni juani.

Na muhogo hukuuliza, lakini nitasema. Muhogo uliosimama kwenye maji huoza mizizi baada ya siku chache, kwa hiyo watu hung'oa shamba zima kwa mpigo na kutafuta unga wa haraka. Kama ni muhogo mchungu, hapo ndipo hatari ilipo. Una sumu aina ya sianidi, na ukame huiongeza. Muhogo wenu umekulia kwenye ukame. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati wa njaa ya ukame huku Mtwara, watu walipata sumu kali baada ya kula unga uliotengenezwa kwa kufupisha njia: kutwanga na kuanika, kutwanga na kuanika, siku hiyo hiyo ugali. Bibi yako anajua njia ndefu ya makopa, mwacheni aisimamie. Unga mkiutilia shaka, uloweni kwa maji kidogo mpaka ushikamane, mtandaze kwenye sinia au mkeka safi, unene usizidi upana wa kidole, muuache kwa muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini, ndipo mpike siku hiyo hiyo. Sumu nyingi huondoka na hewa. Anayekula kila siku muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, bila maharage, samaki wala njugu, anaweza kupata konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na hauponi. Kwa hiyo dagaa wakipatikana, watoto na akina mama wajawazito watangulie.

Sasa hilo la laana. Mwambie mumeo kwamba swali lake ni zuri kuliko jibu alilojipa. Nchi hiyo hiyo kufa kwa kiu na kufa kwa maji inawezekana, na kwetu kusini ndiyo desturi ya nchi yenyewe. Sisi hatuna vuli na masika kama Tanga au Kilimanjaro. Tuna msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu cha miezi sita au saba. Mwaka wa kawaida pwani yetu hupata milimita 800 hadi 1000 hivi. Ukiyagawa maji hayo siku kwa siku yanatosha na kubaki. Taabu ni kwamba hayaji siku kwa siku. Yanaweza kukaa Januari nzima bila tone, mtama ukanyauka, halafu mvua ya siku mbili ikaleta sehemu kubwa ya haki ya msimu mzima. Mwisho wa mwaka mwenye kipimo anaandika "mvua ya wastani", na kijiji kimepata ukame na mafuriko ndani ya msimu mmoja.

Ardhi nayo ina lake. Nenda kiwanja cha mpira mwezi wa Novemba, umwage ndoo ya maji katikati. Yatakimbia kwanza, kunywewa baadaye. Udongo uliopigwa na jua miezi saba hujifunga ganda juu, na kama majani yamechomwa moto (na kusini tunachoma, jamani, tunachoma kwa ajili ya panya, kwa ajili ya shamba, na mara nyingine bila sababu yoyote), basi tone la mvua linatua juu ya udongo mtupu na kulibana ganda lile zaidi. Maji ambayo yangezama yanatafuta korongo. Milimita 100 za mvua juu ya kilomita moja ya mraba ni tani 100,000 za maji, yaani malori 10,000 ya tani 10. Nusu yake tu ikikataa kuzama, na bonde la Mbwemkuru lina maelfu ya kilomita za namna hiyo, unaelewa kwa nini mpunga wako umefunikwa mchanga.

Hapo ndipo na kitendawili chako cha mafuriko bila mvua kinapofumbuka. Mto wenu hauzaliwi kwenu. Unakusanya maji bara, upande wa Nachingwea, Ruangwa na Liwale, na yanachukua muda kushuka. Mvua iliyowagonga wenzenu wa juu Jumatatu inaweza kuwafikia nyinyi Jumatano usiku, mbingu kwenu ikiwa na nyota. Kumbuka hilo, kwa sababu humo ndani ya huo muda kuna uhai wa watu.

Linganisha na Newala na Tandahimba. Uwanda wa Makonde uko juu ya mchanga na mawe laini yanayokunywa kila tone. Mvua inashuka chini sana, juu hakuna mto hata mmoja wa kuaminika. Ndiyo maana kwa vizazi wanawake wa Kimakonde walishuka mteremko alfajiri na mtungi na kupanda nao, na ndiyo maana mradi wa maji wa Makonde unasukuma maji kutoka visima vya bondeni Mitema kuyapeleka juu. Kwa hiyo kusini hiyo hiyo ina watu wanaoishi juu salama na kiu, na watu wanaoishi chini na maji na hofu. Shikilia picha hiyo mpaka tutakapofika kwa bibi.

Bahari nayo imo. Bahari ya Hindi upande wetu ikipata joto kuliko upande wa Indonesia, mawingu hutufuata. Ilitokea kwa nguvu mwishoni mwa 2019, na Januari 2020 Kilwa na Lindi zikapata mafuriko yaliyoua watu na kuacha maelfu bila makazi. El Niño, yaani bahari ya Pasifiki inapopata joto kupita kawaida, ni mgumu zaidi kwetu kumtabiri. Kaskazini ya nchi huleta mvua nyingi. Kusini mwa Afrika huleta ukame, kama Zambia na Zimbabwe walivyoona 2024. Lindi na Mtwara tuko kwenye mshono wa nguo hizo mbili, na mshono unaweza kuvutwa upande wowote. Ongeza joto la dunia: hewa ikipanda nyuzi 1 ya Selsiasi hubeba unyevu zaidi kwa karibu asilimia 7, na siku ikiutua, huutua kwa wingi. Lakini nisiwadanganye kwamba haya ni mambo ya leo tu. Tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi yenyewe, na wazee walikisimulia miaka mingi. Kimbunga Kenneth kilipita karibu 2019 kikaangukia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Kimbunga Hidaya kilikuja Mei 2024.

Hidaya kilitukumbusha jambo jingine. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa juu ya Rufiji mwaka 2003, msimu wa mvua kusini kulikuwa kisiwa. Vijana hawalijui hilo. Mwaka 2024 barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilipokatika upande wa Somanga, malori yakalala njiani siku kadhaa, wakalijua. Mafuriko yanaweza yasiguse kizingiti chako na bado yakapandisha bei ya sukari, yakazuia dawa kufika zahanati, yakamkuta mama mwenye uchungu upande usio na hospitali.

Ukiuliza maji yanaua vipi, watu wengi hufikiria ule usiku. Usiku ule ni mfupi. Mimi nimefanya kazi ya mito kusini huku kwa miaka mingi, na nimezoea kuhesabu mafuriko kwa miezi minane.

Wiki ya kwanza ni nyumba. Nyumba ya udongo na fito haianguki maji yakiwa ndani tu. Mara nyingi huanguka yakishaondoka, ukuta umeshiba kuanzia chini, jua linawaka, familia imesharudi kulala. Msilale kwenye nyumba iliyosimama ndani ya maji hata kama inaonekana nzima, mpaka muisubiri ikauke na kuigonga ukuta kwa mti mkisikiliza. Ikilia bubu, bado.

Wiki ya pili na ya tatu ni tumbo. Kisima kilichozamishwa ni choo mpaka kitibiwe. Chemsheni, au tumieni vidonge vya kutibu maji vinavyotolewa zahanati, na maji yenye tope yachujeni kwanza kwa kitambaa maana tope huila nguvu ya dawa. Mtu akiharisha maji kama ya mchele, msingoje asubuhi. Kipindupindu humaliza mtu mzima kwa saa chache, na kinachomwokoa ni kumrudishia maji na chumvi njiani wakati anapelekwa kituoni. Mbu wa malaria huja baadaye kidogo, madimbwi yakishatulia. Halafu kuna homa ya mgunda. Julai 2022, Ruangwa, watu waliugua homa na kutokwa damu puani, watatu wakafa, nchi nzima ikatetemeka ikidhani ni jambo jipya. Vipimo vikaonyesha ni homa ya mgunda, ugonjwa wa vijidudu vinavyokaa kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, vinavyoingia kwa mtu kupitia kidonda, macho au mdomo. Panya waliofukuzwa mashimoni na maji wapo ndani ya nyumba zenu sasa. Anayesafisha tope avae viatu, afunge kidonda kwa nailoni, na akipata homa na maumivu makali ya mashavu ya miguu aeleze zahanati kwamba alikuwa kwenye maji ya mafuriko. Aseme hivyo hasa, kwa sababu bila hivyo atapimwa malaria na kurudishwa nyumbani. Ugonjwa huo una dawa, ukiwahiwa.

Mwezi wa pili, wa tatu na kuendelea ndipo ninapopaogopa mimi. Mbegu imekwenda na maji. Ufuta hauvumilii kusimama kwenye maji, mbaazi vilevile. Mtu ana mikorosho, ila korosho ni ya Oktoba, na leo watoto wanataka kula. Ndipo anapokuja bwana mmoja na pikipiki, mpole sana, anakupa fedha kidogo sasa kwa korosho utakazovuna baadaye. Kangomba. Wote tunaijua, wote tunajua imekatazwa, na kila baada ya mafuriko au ukame inanenepa. Ukifanya hesabu, kwa wengi mafuriko yaliyowatia umaskini ni ile karatasi waliyotia dole gumba mwezi Machi. Maji ya Februari yaliwasukuma tu mpaka kwenye hiyo karatasi. Na ni ukame wa mwaka juzi uliowakuta bila akiba, hata wakaikubali. Ndiyo maana nakataa kuutenganisha ukame na mafuriko kama maafa mawili. Mmoja anamfungulia mwenzake mlango.

Kama mkilazimika kukopa, kopeni kwa kikundi chenu cha kuweka na kukopa, au hata kwa ndugu mwenye maneno mengi. Afadhali maneno. Na udongo huu mlioachiwa una unyevu: mahali ambapo tope laini limetua (siyo mchanga), pandeni sasa hivi kunde, mchicha, maboga, viazi vitamu. Kunde za muda mfupi huliwa ndani ya siku 60 hadi 75, na majani yake mapema zaidi. Ndugu zetu wa Rufiji wamefanya hivyo tangu enzi na enzi, kilimo cha mlau wanakiita, wanalima nyuma ya maji yanayorudi.

Huyo mtoto anayelia, msimcheke wala msimwambie ajikaze. Alale katikati yenu, aonyeshwe mchana njia ya kukimbilia, apewe kitu chake cha kubeba, hata filimbi. Mtoto anayejua atakimbilia wapi hupata usingizi kuliko anayeambiwa hakuna kitu.

Sasa kuhama. Nikiwa afisa kijana nilitumwa na wenzangu kijiji kimoja cha bonde jingine, mto ulikuwa umeua mtu. Tulikuja na ramani, tukawaonyesha eneo la juu, zuri, halina hata alama ya maji. Watu wakatukubalia kwa heshima, wakajenga vibanda, tukaandika ripoti kwamba kijiji kimehamishwa. Nilipopita tena baada ya kiangazi kuuma, juu palikuwa na nyumba mbili za wazee na mbuzi. Wengine wote walikuwa wamerudi chini. Nikamuuliza mama mmoja kwa ukali kidogo, najuta mpaka leo, kwa nini wamerudi kwenye kifo. Akaniuliza, "Wewe bwana, ulipotuleta huku juu, kisima ulikiweka wapi?" Sikuwa na jibu. Tulikuwa tumepima hatari ya maji kuwa mengi, hatukupima hatari ya maji kutokuwepo.

Yametokea kwa mapana zaidi ya hapo. Rufiji, mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali iliwahamisha watu kutoka tambarare ya mafuriko kwenda miinuko. Wakahama, lakini mashamba yalibaki chini kwenye rutuba, kwa hiyo msimu wa kilimo familia zikaendelea kushuka na kuishi kwenye dungu, kile kibanda cha miguu mirefu, wakiwinga ndege na nguruwe na kusubiri maji yapite chini ya vitanda vyao. Watu wa ofisini waliliona hilo kama ukaidi. Mimi naliona kama hesabu nzuri iliyofanywa na watu wasio na karatasi.

Kwa hiyo bibi yako ana nusu ya haki. Bonde ndilo lililowalisha mwaka ambao juu kila kitu kilikauka. Huko juu kuna kiu, na kwa wilaya zetu kuna tembo pia. Akiondoka bila mpango atakufa kwa njaa polepole badala ya kufa kwa maji haraka. Nusu ambayo hana haki ni kitanda. Shamba likizama, linapandwa tena. Aliyelala chini saa nane za usiku hapandwi tena. Ushauri wangu ni huu: limeni chini, laleni juu. Nyumba, kihenge, mbegu, choo na kaburi viwe juu. Mpunga, mboga na dungu la mchana vibaki bondeni.

Hilo linataka mambo mawili yafanyike mezani kabla ya kubeba bati. La kwanza ni ardhi. Kijiji chenu kina mamlaka juu ya ardhi yake kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Pelekeni hoja kwenye mkutano mkuu wa kijiji kwamba mnaomba viwanja vya makazi juu, na iandikwe kwenye muhtasari kwamba mashamba ya bondeni yanabaki ya wenyewe. Ombeni hati za hakimiliki ya kimila kwa hayo mashamba, na jina la mke liwemo. Nimeona watu wakihamishwa kwa ajili ya usalama, kisha bonde "lisilofaa kwa binadamu" likamfaa mwekezaji. Mtaambiwa pia habari ya kutofanya shughuli ndani ya mita 60 kutoka mtoni, ambayo imo kwenye Sheria ya Mazingira ya 2004. Ni sheria nzuri kwa kingo za mto, lakini msiitumie kama kipimo cha usalama. Kwenye tambarare kama yenu maji yanatembea mbali zaidi ya mita 60 bila hata kuvuta pumzi.

La pili ni kisima, lile swali la yule mama. Msikubali kuhamia mahali pasipo na jibu la kiangazi. Kama kuchimba hakuwezekani au maji ni ya chumvi, hesabuni paa. Bati la mita 6 kwa 8 lina mita za mraba 48. Kila milimita ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua moja nzuri ya milimita 50 inakuletea lita 2,400. Toa zinazopotea, unabaki na kama 1,900, yaani ndoo 95. Familia ya watu 5, kila mmoja lita 5 za kunywa na kupikia kwa siku, kwa siku 210 za kiangazi, inahitaji lita 5,250. Tangi la lita 5,000 na adabu kidogo linawavusha. Najua bei ya tangi. Ndiyo maana ningeanza na paa la shule na la msikiti: jengo la madarasa mawili lenye mita za mraba 128, kwa mwaka wa milimita 800, linakinga zaidi ya lita 80,000, mkiwa na pa kuziweka. Maji ya mvua ya kwanza yaachwe yaoshe vumbi na mavi ya ndege.

Na mpaka hayo yatimie, mtalala bondeni misimu mingine, tusijidanganye. Basi utumieni ule muda wa Jumatatu hadi Jumatano. Tafuteni mtu mwenye simu kwenye kijiji cha juu ya mto, hata wawili, mfanye mkataba wa kweli: mto ukivuka alama fulani kwao, wanawapigia, na nyinyi mnawapigia wa chini yenu. Vocha ilipwe na kijiji. Kamati ya maafa ya kijiji ipo kwa mujibu wa sheria ya 2022. Kama kwenu ni majina ukutani, ipeni kazi hii. Redioni sikilizeni maneno yenyewe: Mamlaka ya Hali ya Hewa ikisema "angalizo", vyeti, kitambulisho cha NIDA, kadi za kliniki na dawa za kila siku, zikiwemo za kufubaza virusi, viingie kwenye mfuko wa nailoni na kuning'inizwa karibu na mlango. Ikisema "tahadhari", wazee, wajawazito na watoto walale juu usiku huo. "Tahadhari kubwa" haina mjadala. Na kivuko chochote ambacho huoni chini, usivuke, hata maji yakiwa ya goti. Mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kukusukuma inaongezeka mara nne, na goti halijui hesabu hiyo mpaka limeshapinda.

Kwa bibi, usimpelekee hoja zangu. Mwombe kazi. Mwombe atembee nawe mpaka kwenye miembe ya zamani, akuonyeshe maji yalifika wapi utotoni kwake, wapi mwaka wa Januari 2020, wapi safari hii. Takataka zilizonasa matawini zitakusaidia pale kumbukumbu inapokwama. Kila alama ipakwe rangi, nyekundu ionekane mbali. Kisha simameni wote wawili mlangoni kwake, mkiwa na kamba iliyofungwa usawa wa ile alama ya juu kabisa, muone inapita wapi: chini ya kitanda chake, au juu ya kichwa chake. Akishaona, mwulize yeye ni wapi huko juu angetaka nyumba yake ielekee, na ni nani atakayekuwa akimshusha shambani asubuhi.